Tundu la Sahani

Mama yangu alikataa kwenda Ibra kwa miezi saba. Kila nilipomtajia safari alikuwa na udhuru wake tayari: goti, joto, mgeni anakuja, mgeni ameondoka na yeye amechoka. Huyu ni mtu ambaye huenda mpaka Muskat kwa harusi ya mtoto wa jirani wa binamu, akakaa mpaka wapishi wanakusanya masufuria, lakini kwenda Ibra, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu Nizwa, hawezi. Na mimi nilikuwa namhitaji aende. Huko Ibra kulikuwa na bwana mmoja aliyetaka kunioa. Moyoni nilikwishakubali, ila sikuweza kumjibu mpaka mama amwone.

Nina miaka hamsini na mbili. Mwanamke wa umri huu akiposwa, watu hucheka kwanza, kisha ndio huuliza ni nani. Niliachwa nikiwa na miaka thelathini na moja, nikalea mtoto wangu mmoja, ambaye sasa ana mke wake na mambo yake, na nimekuwa mfamasia hospitalini mpaka nilipostaafu. Sikuwa natafuta mume. Sisemi hivi kwa kujitetea. Nilikwenda kutazama nyumba, basi.

Nyumba yenyewe iko katika mtaa wa kale wa Ibra, ule wa majumba ya udongo ambayo wenyewe waliyahama zamani wakajenga ya saruji yenye viyoyozi. Mengi yameanguka dari. Hii moja imetengenezwa upya na mjukuu wa aliyeijenga, mhandisi mstaafu, mjane, ambaye baada ya mkewe kufariki alikosa la kufanya na mikono yake. Imepakwa chokaa, imetiwa taa, na mlangoni kuna meza ambapo wageni huandika majina yao. Nilikwenda mara ya kwanza na wanawake watatu wa hospitalini, siku ya Jumamosi, kwa sababu mmoja wao alikuwa amechoshwa na mumewe na alitaka kutoka.

Yule bwana alikuwa amekaa pale mezani. Aliniwekea tikiti juu ya meza, akauondoa mkono wake kabla sijauleta wangu, kama afanyavyo mtu mwenye adabu mbele ya mwanamke asiye maharimu wake. Niliutazama mkono ule. Ulikuwa mpana, na kwenye kucha mlikuwa na chokaa ambayo haikutoka kwa kuoshwa. Sijui kwa nini mtu huanzia kupenda anapoanzia, lakini mimi nilianzia hapo.

Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Nizwa, ila nimezaliwa papa hapa, katika kijumba kilichokuwa kimegandamana na nyumba hii. Akainuka. Akatutoa nje, akatuzungusha mpaka ubavuni, penye uwanja wa changarawe unaoegeshwa magari. "Hapa ndipo ulipozaliwa," akasema. Juu ya mahali nilipozaliwa palikuwa na gari jeupe la watalii waliotoka Al Mintirib, na matairi bado yana mchanga wa jangwani. Wenzangu walicheka sana. Yeye hakucheka, alisikitika kweli, akaniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyekibomoa.

Baba na mama walikuja Oman baada ya mambo ya Unguja, na baba, kwa kuwa ni wa kabila la wenye nyumba kubwa, akapewa kile kijumba akae bure. Nilizaliwa humo. Baba akapata kazi Nizwa kabla sijatimiza mwaka, tukahama, na habari za Ibra kwetu zikafungwa. Mama hakupenda kuzisema. Nilidhani ni kwa sababu ya ufukara wa siku zile, maana watu waliokuwa na majumba Unguja hawapendi kukumbushwa vijumba.

Yule bwana alizaliwa katika nyumba kubwa miezi miwili baada yangu. Alipolijua hilo akalifanyia mzaha: sisi ni majirani wa tangu nepi, akasema, na yeye inampasa anipe heshima ya mkubwa. Alianza kunipigia simu kwa habari za picha za kale, kwamba labda mama anazo. Mama hana picha hata moja ya Ibra, nami nilijua hivyo, lakini nilisema nitamuuliza, ili apige tena. Nikaenda mara nyingine mbili, kila mara na rafiki. Kila kitu alichonipa alikiweka mezani kwanza, kikombe cha kahawa, bahasha, hata kalamu. Mwisho dadaake mkubwa, binti wa mama mwengine, akanipigia simu kwa adabu zote akaniuliza kama nimefunga mlango au uko wazi. Nikasema uko wazi, ila nina mama. Walii wangu wa kuniozesha ni mdogo wangu wa kiume, naye hatii sahihi mahali mama hajatia ndiyo.

Kosa langu lilikuwa moja, na nalitaja mapema. Sikumwambia mama ni nani. Nilimwambia tu kwamba ile nyumba kubwa ya Ibra imetengenezwa, ni nzuri, na ningependa aione. Namjua mama. Ukimtajia mtu, la kwanza atauliza ni mtoto wa nani, na hapo tena humwoni yule mtu, unaona babu zake wamejipanga mpaka mlangoni. Nilitaka amwone yeye kwanza. Nilitaka anywe kahawa yake, amsikie anavyozungumza, kisha ndio nimwambie.

Basi ikapita miezi saba, na Jumanne moja, bila ya kuulizwa, mama akasema: "Kesho Jumatano. Ibra kuna soko la wanawake. Twende, nikanunue ubani, na hiyo nyumba yako nikaione, unipumzishe."

Tulitoka asubuhi. Alijaza kiti cha nyuma: thermosi ya kahawa, chupa za maji, mkate wa kumimina aliouoka alfajiri na kuufunga kwenye kanga. Tulipoipita Izki akanitazama kwa pembeni.

"Umetia wanja kwenda kutazama nyumba?"

"Kidogo tu, mama."

"Nyumba ina macho gani hiyo?" Akacheka peke yake, akafungua kanga akanikatia kipande cha mkate. Kumbe alikwishaelewa nusu ya habari, na nusu hiyo ilimfurahisha. Niliona uso wake umechangamka, na mimi nikawa na raha ambayo sikuwa nayo kwa miaka mingi. Baada ya Sinaw akauliza, "Yule bi mkubwa wa nyumba ile, amekwishakufa?" Nikamwambia angekuwa hai angekuwa na miaka mia na ishirini. "Ah," akasema, "yule angeweza."

Sokoni alinunua ubani, akagombana na muuzaji kwa Kiarabu chake cha Nizwa chenye lafudhi ya Unguja, wakaachana marafiki. Saa nne na nusu tulikuwa mbele ya ile nyumba.

Yule bwana alikuwa amesimama nje anatungoja, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Alikuwa amejifundisha. "Shikamoo, mama," akasema, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza, alichokisikia kwa babu yake aliyefanya biashara Unguja. "Karibu sana. Hii nyumba yako, hayyaki Allah."

"Marahaba," mama akasema. Akamtazama. Nilimwona akimtazama kwenye paji la uso, kisha masikio, kama watazamavyo wanawake watoto wachanga. "Wewe mtoto wa nani?"

Nilijua lile swali litakuja, nikasema moyoni, haya, babu wameanza kujipanga. Akamjibu: yeye ni mjukuu wa mwenye nyumba, baba yake ni mtoto wa pili.

"Mamaako ni yule aliyetoka Al Mudhaibi?"

"Huyo huyo. Alifariki nikiwa na miaka mitatu."

"Inna lillahi," mama akasema. Palikuwa na baraza ya udongo pembeni ya mlango, akakaa. Nikadhani ni goti, nikamletea maji. Alikunywa chupa nzima, akatulia, akainuka mwenyewe, akaingia.

Yule bwana alitutembeza. Sikuwahi kumwona ana wasiwasi, siku ile alikuwa nao, akawa anazungumza sana. Alituonyesha mlango wa kuchonga uliotoka Unguja, na boriti za darini zilizotoka huko huko. Akatuonyesha mashubaka ya ukutani yaliyopangwa madele ya kahawa, kila dele na namba yake. Mama alikuwa anafuata nyuma na kurekebisha. Hapa palipoandikwa jiko hapakuwa jiko, palikuwa pakifungwa mbuzi. Hili dele si lao, lao halikuwa zuri hivi. Yule bwana akawa anaandika kila neno kwenye kidaftari, na mimi nikatembea nyuma yao nikiwasikiliza nao wanapatana, nikafikiri kwamba mambo mengine Mwenyezi Mungu huyafanya mepesi.

Ukumbini alisimama kutueleza vipi alifanya kazi ile. Alisema wazo alilipata Japani. Aliwahi kwenda huko kikazi, na wenyeji wake wakampeleka mji mmoja wa milimani ambako watu wa Tokyo hukimbilia wakati wa joto. Kuna nyumba ya mbao huko iliyojengwa na mmisionari wa kizungu, naye pia alikuwa akikimbia joto. Imetengenezwa upya. Unavua viatu mlangoni kama kwetu, na mwanamke mwenye glavu nyeupe anakuonyesha kiti cha mmisionari, taa yake na kitabu chake cha nyimbo. Aliyoyapenda ni yale aliyoambiwa na yule mwanamke: baada ya mmisionari waliishi watu wengine wengi mle, wakaongeza choo, wakatoboa dirisha, wakabandika jiko. Vyote vimeondolewa. Nyumba imerejeshwa siku yake ya kwanza.

"Nikarudi hapa nikawaambia mafundi," akasema, "kila kisichokuwepo siku ya kwanza, kitoke."

"Na hao waliokaa baadaye?" mama akauliza.

"Wapi, mama?"

"Huko Japani. Waliopika kwenye hilo jiko."

Akafikiri kwa uaminifu. "Nadhani kuna picha yao, kwenye ngazi."

"Zen," mama akasema, yaani vyema. "Picha si haba."

Chumba cha wanawake kiko nyuma, chini, upande ambao zamani kilikuwa kijumba chetu na leo magari. Kimetandikwa mkeka mmoja wa ukindu, na juu yake kinu cha kahawa, susu ya mtoto, na kibao cha kukataza watu wasikalie. Kuta ni nyeupe pepe. Mama alikwenda moja kwa moja mpaka ukuta wa mwisho, akaupapasa kwa kiganja, usawa wa kiuno chake, akarudi hatua, akaupapasa tena.

"Liko wapi tundu?"

"Tundu gani, mama?"

"La sahani."

Yule bwana akapiga kipaji. "Aa! Lile." Akatoa simu, akaitafuta picha ya kabla ya matengenezo, akamwonyesha. Nami nikachungulia. Ukuta umebambuka, na katikati yake tundu, upana wa sinia, kingo zake zimelainika na kuwa nyeusi kwa mikono ya watu. "Si la asili, mama. Mafundi walisema limetobolewa baadaye. Tumeliziba."

"Limetobolewa na mimi," mama akasema.

Akatuelezea, bado amesimama. Yeye alikuwa upande ule, mkewe mtoto wa pili upande huu, wote wasichana wa miaka ishirini na kidogo. Mmoja hajui Kiarabu ila cha kusalia, mwenzake hajui Kiswahili. Kutoka nje mtu mpaka avae, aombe ruhusa, azunguke mtaa mzima. Wakautoboa ukuta kwa michi, kila mmoja upande wake, siku tatu. Bi mkubwa akiuliza kishindo cha nini, jibu ni kahawa inatwangwa. Alipoligundua alifoka, lakini sambusa zilikuwa zimeshaanza kupita, akazionja, akanyamaza. Tangu hapo ikawa desturi: mama anapitisha mkate, sahani inarudi na tende, maana sahani ya jirani hairudi tupu.

"Tulikuwa tunazungumza kwa sahani," mama akasema. "Akiwa na furaha ananijazia, akiwa na huzuni ananipa tende tatu."

Yule bwana alikuwa ameacha kuandika. Nilimwona anavyomsikiliza, mtu wa miaka hamsini na mbili asiyemkumbuka mama yake hata sauti, na nikampenda zaidi. Nikaona mambo yamekwisha, tutakunywa kahawa, nitamwambia mama garini, na atasema ndiyo.

Mama akakaa chini, juu ya ule mkeka uliokatazwa. Yule bwana akataka kukimbilia kiti, akamkatalia kwa mkono. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili cha haraka:

"Huyu ndiye?"

"Ndiye," nikasema.

Akafumba macho kidogo. "Basi kaeni nyote wawili mnisikilize, maana nikilisema mara moja silirejei."

Tukakaa, mimi huku na yeye kule, na kinu katikati.

"Wewe," akamwambia yule bwana, "ulipozaliwa mamaako alishikwa na homa. Maziwa yakakatika. Wakakupa ya mbuzi, ukayatapika. Ukawa mdogo, wallahi, mdogo wa kutisha. Huyu wangu alikuwa na miezi miwili, na mimi maziwa yananimwagika mpaka kanga zinarowa. Lakini bi mkubwa alikwishasema: mtu aliyekuja jana kutoka Afrika, hajulikani kwao ni kwa nani, maziwa yake hayaingii kinywani mwa mjukuu wangu. Akatuma kwao kutafutwe mnyonyeshaji. Siku zikapita, haji. Asubuhi moja mamaako akagonga ukuta. Nikadhani sahani. Nikatazama, amekushika wewe. Hakusema kitu. Angesema nini, na mimi Kiarabu sijui? Nikanyosha mikono, nikakupokea."

Nilikuwa nimekwishaelewa. Mtu akielewa jambo kama hilo, hulielewa lote kwa pamoja, kisha hungoja maneno yamfikie.

"Mara ngapi?" yule bwana akauliza, kwa Kiarabu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Nilijua anauliza nini, kwa sababu na mimi nilikwishaanza kuhesabu. Aliyenyonya kwa mwanamke ni mtoto wake, na watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake, hawaoani mpaka kufa. Wako wanavyuoni wanaosema mpaka mara tano za kushiba, na wako wanaosema hata tone moja latosha. Miaka ishirini na tano nimewapimia watu dawa kwa matone. Nikamtazama mama, nikimwomba aseme mara moja, au mbili, au kwamba hakushiba.

"Mwezi na ziada," mama akasema. "Kutwa mara nne, mara tano. Usihesabu, mwanangu, hapana hesabu hapo. Siku nyingine wewe ulikuwa unatangulia, huyu ananyonya mabaki. Wewe ulikuwa mnyonyaji hodari. Huyu alikuwa mvivu."

Mlangoni wakatokea watalii wawili, mume na mke, wamevaa kofia. Wakamwona bibi mwenye shela amekaa mkekani, mwanamke na mwanamume mbele yake wameinama, wakadhani ni sehemu ya maonyesho. Mume akainua kamera, akauliza kwa ishara kama anaweza. Mama akaiweka sawa shela yake. Wakapiga, wakashukuru, wakaenda. Ile picha ipo mahali fulani duniani, na mimi nimo.

Nilikasirika. Nimejitahidi maisha yangu yote kuwa mtu asiyekasirika, hospitalini walinisifu kwa hilo, lakini pale nilikasirika mpaka masikio yakaziba. "Miaka hamsini, mama," nikasema. "Miaka hamsini umekaa nalo!"

"Niliapa. Aliniapisha mamaake mwenyewe, ameshika msahafu. Bi mkubwa angemrejesha kwao. Nikasema, lina neno gani? Sisi tunahama, mtoto ataoa binamu yake. Na kweli alioa binamu yake. Mwenzangu akafa, bi mkubwa akafa, nikaona khalas, limezikwa. Sikupenda kuja huku kwa sababu hiyo. Nilikuwa naogopa ukuta."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia. Lilikuwa neno baya kumwambia mama, na nilitaka liwe baya.

Hakulikasirikia. "Ungeniambia ni mtoto wa nani," akasema pole pole, "ningekwambia siku ile ile. Ningekwambia nyumbani, kwenye kitanda chako, na nguo zako za nyumbani. Ungelia ukamaliza. Umenificha mtu miezi saba, nami nimekuficha ndugu. Tuko sawa."

Nilitazama juu, kwenye boriti. Yule bi mkubwa alilala miaka yote chini ya boriti za Unguja, akafunga mlango wa Unguja, akala sambusa za Unguja, na maziwa ya Unguja akayakataa. Lakini kumlaumu maiti hakukunisaidia kitu. Nilichokitaka ni mtu aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, na hatua mbili zile sasa zilikuwa hazina njia.

Yule bwana alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti. Nilidhani atasema kitu kwangu. Alimgeukia mama, na Kiswahili chake kikamwisha, akauliza kwa Kiarabu. "Alikuwaje? Mama yangu?"

Mama akamjibu kwa Kiarabu vilevile, kwa kirefu, naye hakuyatoa macho usoni mwake. Kwamba alikuwa mfupi. Kwamba alikuwa akitumia mkono wa kushoto na bi mkubwa akimpiga kwa hilo, basi pale tunduni, pasipo bi mkubwa, alikuwa akitumia wa kushoto tu. Kwamba kila alipompokea mtoto wake ameshiba, kwanza alikuwa akimnusa kichwani, ndipo akamfunika. Kwamba alikuwa akicheka bila sauti, bega tu ndilo linalocheza. Yule bwana akaanza kulia, na bega lake likacheza hivyo hivyo, na mama akamwonyesha kwa kidole, akasema: "Hivyo. Hivyo hasa."

Nilikaa nikawatazama. Wivu niliouona ulikuwa wa kijinga: yeye alikuja kutafuta mke akapata mama wawili kwa mpigo, na mimi nilikuja na wanja.

Baadaye kahawa ililetwa. Mama akaufungua mkate wa kumimina, akakata vipande vitatu, akaomba sahani. Yule bwana akachukua mojawapo ya zile zenye namba, akaifuta kwa kanzu yake, akampa. Tukala. Mkate ulikuwa mzuri. Adhuhuri ikaadhiniwa, na mama akasema turudi, tuiwahi alasiri nyumbani.

Alitusindikiza mpaka kwenye changarawe. Mama akaingia garini, akashusha kioo. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa dereva, naye yuko upande wa pili wa mlango, na baina yetu ile nafasi ya adabu tuliyoizoea. Alikuwa na bahasha ya picha ya tundu, aliyoichapisha kwenye mashine ya ofisini kwake ili mama aichukue. Akatafuta mahali pa kuiweka. Hapakuwa na meza.

"Mpe mkono," mama akaniambia kutoka ndani. "Mmeshakuwa ndugu. Si haramu tena."

Miezi saba nilikuwa nikiutazama mkono ule ukiniwekea vitu na kuondoka. Nikampa wangu. Wake ulikuwa wa moto, mkavu, na chokaa yake niliisikia kwa vidole. Alinishika kwa nguvu na kwa heshima, kama anavyoshikwa mtu na ndugu yake, na mimi ndiye niliyeanza kuachia.